Moto wa 1896 ulivyobadili sura ya Mji Mkongwe

Na Mwandishi Wetu, Dumila

MSAFIRI anayewasili Unguja kwa bahari huona bustani kati ya jumba la Beit al-Ajaib na kasri la Beit al-Sahel. Uwazi huo haukuachwa na wapanga miji. Uliachwa na moto.

Agosti 25, 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki dunia. Binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 waliishika Zanzibar chini ya ulinzi wao.

Agosti 27, saa 3:00 asubuhi, muda aliopewa Khalid kuondoka ulikwisha. Dakika mbili baadaye, manowari za Waingereza zilianza kupiga makombora.

Majumba ya sultani yalikuwa yamekaribiana na kuunganishwa kwa madaraja ya mbao yaliyoezekwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kasri ilikuwa ya mbao, moto ulishika upesi. Kabla ya saa moja kutimia, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Moto ulienea kutoka kasri, na karibu palikuwa na mabohari ya forodha yaliyohifadhi baruti, ikabidi mabaharia washushwe nchi kavu kuuzuia. Baruti hiyo haikulipuka.

Siku hiyohiyo, Waingereza walimtawaza Hamoud bin Mohammed. Jengo la Beit al-Hukm halikujengwa tena. Mahali pake pakawa bustani. Mnara wa taa ulioharibiwa ulibomolewa, na mwaka 1897 mnara wa saa ukaongezwa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililonusurika. Baadaye jumba hilo likawa makao ya watendaji wa serikali ya Kiingereza.

Hivyo, waliopanga upya ukingo ule wa bahari hawakuwa waliounguliwa, bali walioshinda.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa miji inayokua kandokando ya barabara kuu, kama Dumila mkoani Morogoro. Vibanda vilivyobanana huupa moto njia, na nafasi iliyo wazi huukatia. Ni heri nafasi hiyo ikatengwa mapema, wenye vibanda wakiwapo kikaoni, kuliko kusubiri majivu yaamue.