Monsuni si masika

Kijitabu cha watalii kikisema kwamba Sri Lanka huwa na monsuni kuanzia Mei hadi Septemba, mtafsiri mwenye haraka huandika "masika", na msomaji wa Dar es Salaam huahirisha safari. Ameahirisha bure. Mwezi Julai, wakati mawimbi yanazipiga fukwe za Galle na Hikkaduwa, kusini-magharibi mwa kisiwa, kule Trincomalee upande wa mashariki bahari huwa imetulia, jua linawaka, na mashua hutoka na wageni kwenda kutafuta nyangumi.

Kwa wataalamu wa hali ya hewa, monsuni ni upepo: huvuma kutoka upande mmoja kwa miezi kadhaa, kisha hugeuka na kuvuma kutoka upande mwingine. Chanzo chake ni kwamba nchi kavu na bahari hazipati joto kwa kasi moja. Katikati ya mwaka ardhi ya Asia huwaka moto kuliko Bahari ya Hindi. Hewa ya juu yake hupanda, na hewa yenye unyevu huvutwa kutoka baharini kuja kushika nafasi. Mwishoni mwa mwaka bara hupoa na mwendo hugeuka. Mvua ni mzigo ambao upepo huo umebeba, na hauushushi kila mahali.

Mabaharia Waarabu waliyaita majira ya kusafiri mausim. Wareno wakalichukua neno wakasema monção, likaingia Kiingereza, na shule zikatuletea monsuni. Lakini mausim hiyohiyo ilikwisha kutia nanga pwani yetu zamani, ikawa msimu! Kwa hiyo vitabu vya jiografia vinavyoandika "pepo za msimu" vimemrudisha ndugu wa damu. Ni tafsiri nzuri, maana inataja upepo na majira yake kwa pamoja. Kasoro ni kwamba msimu siku hizi ni neno la kila kitu, kuanzia maembe hadi ligi ya soka, na msomaji asiyeelezwa atadhani pepo hizo ni upepo wowote tu.

Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji maelezo hayo. Ana kusi, upepo wa kutoka kusini, na kaskazi, wa kutoka kaskazini. Na kusi yake haiishii kwake: huvuka ikweta, mzunguko wa dunia ukaipinda, ikapita kwa kasi kando ya Somalia na kuingia Sri Lanka ikitokea kusini-magharibi. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, upepo ukiwa ndio kwanza unageuka, pamoja na rubani aliyeijua njia; chini ya mwezi mmoja alikuwa karibu na Calicut, India. Kurudi aliiacha pwani ya India Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Alisota baharini kwa takriban miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye.

Hata hivyo, kuiita monsuni ya Sri Lanka "kusi" kungempoteza msafiri. Kwetu mvua za masika na vuli hunyesha hasa wakati pepo zinapopokezana. Kusi ikishakomaa, huja kipupwe. Sri Lanka mvua huja na upepo wenyewe. Milima ya kati, ambako Pidurutalagala hufika mita 2,524, huukinga upepo wa kusini-magharibi, na mawingu humwaga maji upande wa Colombo na Ratnapura, mji wa vito unaojulikana pia kwa mafuriko. Upepo ukishavuka milima hushuka mashariki ukiwa mkavu na wenye joto; wenyeji huuita kachchan. Kuanzia Desemba hadi Februari zamu hubadilika: upepo wa kaskazini-mashariki hupita juu ya Ghuba ya Bengal, huilowesha Trincomalee, na watalii huhamia Galle na Mirissa.

Basi kijitabu kiandike "monsuni ya kusini-magharibi" au "monsuni ya kaskazini-mashariki", na kitaje upande wa kisiwa unaolowa. Ni maneno mengi, naam, lakini yanaokoa nauli. Palipokusudiwa mvua, "mvua za monsuni" yatosha. Masika ibaki nyumbani.

Mbali na monsuni hizo mbili, kuna vipindi viwili zaidi vya kutafutia jina. Idara ya hali ya hewa ya Sri Lanka huugawa mwaka mafungu manne, na Machi hadi Aprili, kisha Oktoba hadi Novemba, ni miezi ambayo hakuna monsuni inayotawala. "Kipindi cha baina ya monsuni", wanaandika watafsiri, ilhali mabaharia wa Kiswahili walikuwa na tangambili, wakati ambapo chombo huweza kutweka kwenda kusini au kaskazini. Wengine waliuita maleleji. Neno tangambili linastahili kurudi kazini, mradi msafiri aambiwe kwamba tangambili ya Sri Lanka ina radi za alasiri, na kwamba ile ya Oktoba na Novemba huweza kulowesha kisiwa kizima, na miaka mingine huleta kimbunga kutoka Ghuba ya Bengal.