Kuclown Maana Yake Nini, na Hiyo Neno Ilitoka Wapi?

Kama uko mtandaoni lazima umeiona: "Huyu msee anaclown." Kuclown ni kuleta mchezo mahali wenzako wako siriasi. Beshte anakuomba fare, unamtumia ashu na emoji za kucheka, hapo unaclown. Chali anaambia dem wake "niko njiani" na hata hajaoga, anaclown.

Kuna pia kujiclown, ile ya kujianika mwenyewe, kama kumwandikia eks "umelala?" saa nane usiku. Emoji yake ya pua nyekundu ilikuja 2016, na siku hizi wasee hawaandiki hata neno, wanakutupia hiyo uso tu.

Sasa origi yake ndio tamu. Neno clown liliingia Kiingereza miaka ya 1560, na halikuwa na mambo ya sarakasi. Lilimaanisha mtu wa ocha, mkulima asiyejua tabia za tao. Inaaminika liko na undugu na maneno ya kaskazini mwa Ulaya kama klunni ya kule Iceland, yaani mtu hovyo hovyo. Kufika karibu 1600 walikuwa wameligeuza kitenzi.

Cheki Shakespeare. Kwa Hamlet, wachimba kaburi wameandikwa clown. Kwa The Winter's Tale, kijana wa mzee mchungaji hata hajapewa jina, ni Clown tu. Watu wa London walikuwa wanalipa waende kucheka wasee wa mashambani! Ile sura ya kupakwa rangi nyeupe ilivuma baadaye sana, kupitia mchekeshaji wa London, Joseph Grimaldi (1778–1837).

Kwa hivyo clown ni mshamba. Na sisi tulifanya vile vile na hiyo neno yetu: mtu wa shamba, anayekulisha, akageuka tusi.

Hii ilinigusa juu mimi ni wa Masaku. Mara ya kwanza nikishuka Machakos Country Bus (stage iko Nairobi, jina tu ndio letu), nilikuwa na gunia ya maembe kutoka kwa susu. Makanga akaniita mshamba mbele ya watu, na mimi nikacheka nao. Nilipofika ploti ya binamu yangu, majirani walinicheka tena hiyo gunia.

Kufika Ijumaa walikuwa wamemaliza maembe yote, na mmoja akaniuliza narudi ocha lini.