Njia ya Gari Hadi Langoni: Kibali Huombwa Wapi Kitale na Bungoma?

Wengi wanaojenga Kitale na Bungoma hukumbuka kibali cha nyumba na kusahau njia ya gari. Sehemu iliyo kati ya lango na lami, pamoja na mtaro, kwa kawaida ni hifadhi ya barabara, si ploti yako.

Kwanza ujue barabara ni ya nani. Kwenye barabara kuu, kama ya Kitale–Lodwar au ya Webuye–Malaba inayopita Kanduyi, ruhusa ya kuunganisha njia huombwa KeNHA. Barabara nyingine za kitaifa ziko chini ya KURA mijini na KeRRA mashambani. Za mitaani ni za kaunti: Trans Nzoia au Bungoma.

Ndani ya ploti, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Anayeikiuka hutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, hufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Usifukie mtaro, weka kalvati yenye vipimo vilivyoidhinishwa. Mvua ikinyesha, mtaro uliozibwa humpelekea jirani maji, nawe unaweza kuamriwa ubomoe kwa gharama yako.