Nani Alisema Matatu?

Mzee mmoja wa Mugumu, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye mnadani hakuna aliyewahi kumpunja, alikuja ofisini kwangu na fomu ya kujiunga ya kijana wake. Akaniomba nimsomee tena: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi. Nilipomaliza akauliza, "Mwalimu, huyu kidato cha nne kafanya masomo tisa. Sasa gharama imepanda, masomo yameshuka mpaka matatu. Hayo sita mmeyapeleka wapi?"

Nimekuwa mwalimu wa taaluma, kwanza upande wa Tarime, baadaye Serengeti, mpaka nikastaafu. Katika maswali yote niliyoulizwa na wazazi, hilo ndilo bora. Mwanafunzi mwenyewe huwa haulizi idadi. Anauliza herufi za kombi: achukue PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia), EGM (uchumi, jiografia, hesabu) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza). Idadi ameikuta kama alivyoukuta mto Mara, anadhani ulikuwepo siku zote. Lakini wapo watu waliokaa mezani wakasema matatu, na kabla yao kulikuwa na wakati ambapo hakuna aliyesema hivyo.

Tuanzie kwa jirani. Julius Nyerere wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora mwaka 1937, na mwaka 1943 akafika Makerere. Enzi hizo Tanganyika haikuwa na kidato cha tano wala cha sita. Aliyemaliza Tabora akifaulu alipanda moja kwa moja Makerere, na chuo chenyewe kikamalizia kazi ya sekondari. Nyerere alisomea stashahada ya ualimu, na pamoja nayo akachukua kemia, baiolojia, Kilatini na Kigiriki. Nikiwasimulia wanafunzi walikuwa wanacheka: "Mwalimu, hiyo kombi gani?" Haipo. Baadaye, mwaka 1949, akaenda Edinburgh, akatoka huko mwaka 1952 na shahada ya M.A., akarudi kufundisha historia Pugu. Faili kama hilo likiwekwa leo mbele ya mwalimu wa taaluma yeyote, nikiwemo mimi, ataandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto huyu hajui anachotaka.

Kidato cha tano na sita vilikuja huku ukoloni ukikaribia kwisha, na vilikuja na mtihani wa Cambridge. Mtihani huo ulikuwa na ngazi mbili, somo kuu na somo dogo, na juu yake karatasi ya maarifa ya jumla iliyoitwa General Paper. Nyuma ya mpango huo kulikuwa na mazoea ya vyuo vikuu vya Uingereza, ambako mwanafunzi huingia akiwa ameshakata shauri, huyu wa fizikia, yule wa historia, na chuo hakitaki kupoteza mwaka kumfundisha mambo ya jumla. Uskochi hawakufanya hivyo. Ndiyo maana Edinburgh ilimruhusu Nyerere, Mzanaki wetu, kuchanganya uchumi na historia na falsafa katika shahada moja. Sisi tulitawaliwa na Waingereza wale wengine.

Kwa mtu wa Tarime, wilaya iliyokuwa bado inaitwa Mara Kaskazini, kidato cha tano kilikuwa safari kabla ya kuwa masomo. Unashuka Musoma, unapanda meli hadi Mwanza, kisha treni hadi Tabora, umebeba sanduku la bati. Wazee waliosoma enzi hizo walinieleza kwamba hakuna aliyewauliza wanataka masomo mangapi. Mwalimu mkuu, mara nyingi Mzungu, aliangalia alama na kusema: wewe sayansi, wewe sanaa. Basi. Mahali pa kwenda palikuwa pachache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 kikiwa kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU pale Lumumba, na hakikusimama peke yake kama chuo kikuu kamili mpaka Julai 1970.

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa kwenye mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani likaundwa kwa sheria. Hapo ndipo tungeweza kuhesabu upya. Hatukuhesabu. Tuliondoa jina la Cambridge kwenye cheti tukabaki na mifupa yake: masomo makuu matatu, prinsipo na subsidiari. Mpaka leo mtoto wa Nyamwaga akipata S kwenye matokeo ya kidato cha sita, ile herufi ni masalia ya ngazi ya somo dogo la Mwingereza. Siilaumu serikali sana kwa hilo. Ilikuwa na mambo mengine ya kubadilisha, na moja lilibadilishwa hapa hapa mkoani kwetu.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Watu wengi wanalikumbuka Azimio la Musoma kwa elimu ya msingi kwa wote, ile ya kufikia mwaka 1977. Wanasahau kipande cha pili, ambacho ndicho kilichowagusa wenye kidato cha sita. Kilisema hakuna tena kutoka darasani kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ulimaliza kidato cha sita, ukaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja, kisha ukafanya kazi angalau miaka miwili, na ukiomba chuo, ombi lako lilipaswa kuwa na maoni ya mwajiri na ya chama. Masomo matatu yakawa manne, na la nne lilikuwa tabia yako. Wazo lenyewe halikuwa baya: msomi aijue kazi kabla hajawaongoza wafanyakazi. Lakini huku kwetu, ambako koo zilikuwa zikigombania malisho na mipaka, wazee wa Tarime walikuwa wanauliza kwanza mwenyekiti wa tawi ni wa ukoo gani, ndipo waulize kijana amepata nini kwenye fizikia.

Na hesabu husahaulika. Muulize mtu yeyote aliyesoma vitabu vya hesabu na fizikia vya Backhouse na Nelkon hadi usiku wa manane, akaenda kulima jeshini na kukaa ofisi ya kijiji miaka miwili, kisha akarudi darasani kutafuta kiasi cha mwendo kwa kalkulasi. Idadi ya waombaji ilipungua, wasichana hasa, kwa kuwa miaka mitatu ya kusubiri kwao ilikuwa miaka ya kuolewa. Sharti likaanza kulegezwa kwao kwanza, na miaka ya 1980 likaachwa.

Wakati huo huo jirani zetu walikuwa wanahesabu kwa namna nyingine. Ukisimama Sirari, mpakani, unaiona Isebania upande wa Kenya, na Wakurya wako pande zote mbili, shangazi huku, mpwa kule. Mwaka 1985 Kenya iliingia mfumo wa 8-4-4, na mtihani wao wa mwisho wa kidato cha sita ulifanyika mwaka 1989. Tangu hapo mpwa wa Isebania alifanya masomo yake mengi kidato cha nne, na akipata wastani wa C+ alistahili chuo kikuu. Wa Sirari, wa umri ule ule, bado ana miaka miwili, na kabla ya mwaka 1994 alikuwa na jeshi pia. Kwenye harusi za mpakani mjadala huo hauishi. Uganda walikwenda upande mwingine: kwa muda mrefu mwanafunzi hodari alibeba masomo makuu manne, mpaka mwaka 2013 walipoweka ukomo wa matatu. Nchi tatu zilizoanza na karatasi moja ya Cambridge zilifika majibu matatu, na sisi tukabaki na lile la mwanzo.

Sasa turudi kwenye hesabu ya kawaida, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa na maneno. Tunasema matatu, lakini wa PCB au CBG alibeba pia BAM, ile hisabati ya lazima kwa mwanasayansi asiyesoma hesabu za juu, na wote walibeba GS, yaani General Studies, iliyorithi kiti cha somo la Siasa, ambalo nalo lilirithi kiti cha General Paper. Hivyo kuna waliobeba matano. Yale mawili ya ziada hayakuingia kwenye pointi za divisheni, ndiyo maana vijana waliyapuuza mpaka wiki ya pepa. Divisheni yenyewe inajumlisha matatu: A ni pointi 1, F ni pointi 7, na kuanzia pointi 3 mpaka 9 ni daraja la kwanza. Chuo kikuu kinahesabu kinyume, A kwake ni 5, E ni 1, na kwa kozi nyingi kinataka prinsipo mbili tu zenye jumla ya pointi 4. Mbili! Udaktari ni miongoni mwa kozi zinazotaka zote tatu, fizikia, kemia na baiolojia, kila moja angalau D, jumla 6. Mzazi akiniuliza somo la tatu ni la nini, nilikuwa namwambia: kama kozi si ya aina hiyo, hilo ni la akiba. Usilidharau. Nimeona watoto wengi wakiingia chuo kwa lile walilolichukua bila hamu, baada ya lile walilolipenda kuwaangusha.

Lakini kwa wilaya zetu mbili hesabu iliyokata maneno ilikuwa nyingine kabisa: idadi ya walimu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulijaza kata zetu madarasa. Wananchi walichangia mchanga, mawe na nguvu, na mabati yakang'aa kutoka Nyamongo hadi Nata. Walimu hawakuchangwa kwa njia hiyo. Wakaletwa vijana waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache. Wanafunzi wakawabandika jina la vodafasta. Wengine walijitahidi kweli, niseme haki. Ila mwalimu wa fizikia alibaki kitu adimu, na maabara ikawa chumba chenye meza ndefu na mitungi mitupu. Mtoto aliyepata C ya fizikia katika shule ya aina hiyo ameipata kwa msuli wake mwenyewe, na mimi nilikuwa namheshimu kuliko wa A ya mjini. Bado alama yake ilimpeleka kwenye sanaa. Ndiyo sababu ya vijana wetu wengi kuwa na HGL na HKL, na ndiyo sababu sikubali nikisikia kwamba watu wa Mara hawapendi sayansi.

Kuna pia ile miezi. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, kidato cha tano kinafunguliwa Julai. Kwa mvulana wa Tarime, tangu mgodi wa Nyamongo uanze mwanzoni mwa miaka ya 2000, miezi hiyo ilikuwa na kishawishi chake. Vijana walikwenda kuvizia mawe ya kifusi, wakaitwa maintruda, na anayeshika fedha ya dhahabu mwezi Machi ni vigumu kumrudisha kwenye kemia ogania mwezi Julai. Kwa binti, Desemba ndio msimu wa ukeketaji. Wapo waliokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Nilikuwa na wanafunzi wa kike waliokuja kuchagua kombi, na nilipowauliza wanataka kusoma nini wakanijibu kwa jina la mkoa: Dodoma, Kilimanjaro, popote palipo mbali. Niliwaandikia kile ambacho alama zao zingewafikisha huko. Sikuona haja ya kuwahubiria juu ya vipaji.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2022/23, na Machi 2024 serikali ikatangaza tahasusi, yaani kombi, mpya 49 juu ya zile 16 za zamani, jumla 65. Zimo za michezo, za sanaa, za elimu ya dini, za lugha ambazo zamani hazikuwa na nafasi. Nimezisoma zote. Nimefurahi, kwa kuwa tahasusi 16 zilikuwa chache mno kwa nchi nzima. Kitu kimoja hakikuguswa: kila tahasusi bado ni masomo matatu. Imeongezeka milango, ukubwa wa chumba ni ule ule. Na shule moja ya bweni haiwezi kufundisha 65. Inafundisha tatu au nne, kulingana na walimu ilio nao.

Kwa hiyo wanaponijia siku hizi na Selform, ile fomu ya kuchagua kombi, au matokeo yakishatoka na dirisha la kubadili machaguo likifunguliwa, sianzi na herufi. Nawaambia wapige simu shuleni waulize walimu wa somo wangapi wapo kazini. Walioandikwa kwenye orodha ni habari nyingine. Mjomba mmoja wa Nata alipiga simu hiyo kwa ajili ya mpwa wake aliyetaka PCB. Mkuu wa shule, mtu mkweli, akamjibu kwamba mwalimu wa fizikia yupo, ni mmoja, na ameanza likizo ya uzazi Jumatatu. Binti akaandika CBG.