Samadi ya Heru na Mbolea ya Kuku ya Muhambwe

Kila tunapokutana Dar es Salaam kuchangia maendeleo ya nyumbani, hakosi mtu wa Kasulu wa kusimama na kusema kwamba wenzetu wa Kibondo hawajui kuweka mbolea shambani. Mwaka jana alisema mzee mmoja ninayemheshimu sana. Ukumbi ulicheka, nami nikacheka. Lakini baba yangu ni mtu wa Heru na mama ni wa Muhambwe, na nimeshika jembe pande zote mbili, kwa hiyo naomba nafasi ya kumjibu mzee wangu kwa historia. (Ninaposema Kibondo naichukua ile ya zamani, pamoja na Kakonko iliyojitenga mwaka 2012. Kasulu nayo ni pamoja na Buhigwe.)

Chanzo cha tofauti yetu ni mbung'o. Kwenye milima ya Heru yenye majani na baridi mbung'o hawakuwa tatizo kubwa, ng'ombe wakastawi. Kwa desturi ya ubugabire, mwenye ng'ombe alimpa mwenzake mnyama, naye aliyepewa akawa mtu wake. Tumezoea kuisimulia habari hiyo kama habari ya ubwana na utumishi, na ni kweli. Ila aliyepewa ng'ombe alipata pia samadi, na samadi ikaenda migombani. Kuku walikuwepo, lakini mavi yao yalifagiliwa pamoja na majivu na maganda, yakatupwa humohumo. Hakuna aliyeyahesabu.

Muhambwe na Buyungu, kwenye miyombo na mbung'o, ng'ombe walikuwa wachache. Rutuba ilitoka msituni: unakata, unachoma, unalima misimu michache juu ya majivu, kisha unahama na pori linarudi. Haukuwa ujinga huo, ardhi ilikuwepo. Halafu miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza, ikipambana na malale, ikawakusanya watu waliokuwa wametawanyika na kuwaweka kwenye maeneo yaliyofyekwa. Mtu aliyezoea kuhama na shamba lake akaambiwa akae mahali pamoja, na ng'ombe wa kuziba pengo la msitu hana.

Wanaume nao wakaenda zao. Waha wa pande zote mbili walijaza mashamba ya mkonge ya Tanga kama manamba, na tangu 1944 ilikuwepo SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua. Nyumbani walibaki akina mama, na kuku walikuwa mali yao. Bibi yangu mzaa mama aliwalaza jikoni. Kila asubuhi alikwangua chini ya fito walizolalia, akachanganya na majani makavu, akafunika kwa mgomba ili mvua isiguse. Majivu hakuyaweka kabisa. Alisema harufu ikipanda, nguvu imeondoka. Niliona ni imani za kizee mpaka bwana shamba aliponieleza kwamba harufu ile ni amonia, yaani naitrojeni inayopotea hewani, na kwamba majivu huiharakisha. Ule mchanganyiko wa Heru, wa mavi ya kuku na majivu, mzee wangu, ndio uliokuwa unapoteza mbolea.

Pigo lililotukuta sote lilikuwa Operesheni Kigoma, kuanzia 1972, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati zilisogea karibu, sikatai. Lakini udongo uliolishwa miaka mingi kuzunguka nyumba haukuhamishika. Mwenye ng'ombe aliswaga wanyama wake, akaanza upya na samadi yake. Mwenye kuku alibeba tenga moja, na shamba alilogawiwa likawa mbali na nyumba. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda kuchuma maboga kwenye matongo ya bibi, nyumba ikiwa imekwisha kuanguka siku nyingi. Yalikuwa makubwa kuliko ya kijijini.

Mbolea ya dukani ilikuja na ikaondoka kadiri ruzuku ilivyokuja na kuondoka. Ruzuku ya msimu wa 2022/2023 imesaidia, ingawa mfuko haufiki kila kijiji kwa wakati.

Nisiwadanganye kuhusu kuku. Mbolea yao ina naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, lakini ni kidogo mno. Kuku wa kienyeji hushinda nje, unachookota ni cha usiku tu. Kwa kuku wangu kumi na wawili nilipata magunia mawili kwa mwaka. Nikiweka konzi moja kwa kila shimo la mahindi na kuchanganya na udongo wiki mbili kabla ya kupanda, isije ikaunguza mbegu, hayakufika hata robo ekari. Robo ile, hata hivyo, ilinipa mahindi ambayo jirani alikuja kuyatazama.

Kinachotakiwa ni kuku wengi zaidi, na kinachowazuia ni mdondo. Ukiingia kijijini kiangazi, banda linabaki tupu kwa wiki moja. Chanjo ipo, inatengenezwa hapahapa nchini, inavumilia joto, tone moja jichoni kila miezi mitatu au minne. Shida ni kwamba kichupa kimoja huchanja kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai. Mama mwenye kuku watano hanunui kichupa peke yake. Kijiji kinapaswa kuchanja siku moja, awepo mtu aliyefundishwa, na chanjo iwe imelipiwa. Ndiyo maana mwaka huu kwenye fomu ya michango mtaona mstari wa chanjo ya kuku, chini ya madawati.

Nimempigia simu mzee wangu wa Kasulu. Amesema atalipia kijiji kimoja cha Kibondo, mwaka mzima, mradi nimpelekee jogoo.