Kizito tunamjua, Hector je?

Juni ni mwezi wa baridi Sumbawanga. Wewe unayedhani Tanzania yote ni joto la Dar, njoo Ufipa asubuhi ya Juni bila sweta, halafu tuongee.

Katika baridi hiyo, nikiwa mtoto, nilifundishwa kuadhimisha siku mbili. Ya kwanza ni Juni 3, Mashahidi wa Uganda. Ya pili ni Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Ile ya kwanza nilisimuliwa mpaka nikaiota usiku. Hii ya pili niliandamana tu.

Nianze na Kizito. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi. Mapadre Weupe walioingia Buganda mwaka 1879 ndio shirika lile lile lililochukua kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye wakapanda huku juu. Kwa hiyo habari za Namugongo kwetu ni kama habari za ndugu. Hata asiyekwenda kanisani anajua kwamba Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, mtumishi katika kasri la Kabaka Mwanga, akabatizwa na Karoli Lwanga mwishoni mwa Mei 1886 na kuchomwa moto Juni 3. Waliouawa waliandikwa majina, mmoja mmoja. Mwaka 1920 Roma ikawatangaza wenyeheri wale 22 waliokuwa Wakatoliki, na mwaka 1964 watakatifu. Waanglikana nao wana mashahidi wao 23. Ndiyo maana huku kwetu ukiita "Kizito!" barabarani, wanageuka watu watatu.

Sasa Juni 16. Tulibeba mabango, tukasimama uwanjani tukitetemeka kwa upepo, mgeni rasmi akachelewa. Alipofika alihutubia kuhusu wajibu wa wazazi. Nilimwuliza mwalimu kwa nini ni tarehe 16 na si 17. Akaniambia nirudi kwenye mstari.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwandishi wa habari, kwenye picha iliyopigwa na Sam Nzima. Kijana anakimbia amebeba mtoto mikononi, na dada wa mtoto huyo anakimbia pembeni, mkono umeinuliwa. Ni Soweto, Juni 16, 1976. Wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma masomo yao kwa Kiafrikana, polisi wa makaburu wakawafyatulia risasi. Aliyebebwa ni Hector Pieterson, miaka 12. Hastings Ndlovu, miaka 15, naye aliuawa siku hiyo. Katika miezi iliyofuata waliokufa walifika mamia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndio uliofanya tarehe hiyo iwe Siku ya Mtoto wa Afrika, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba habari hii ni yetu pia. Baadhi ya vijana waliokimbia baada ya Soweto walisomea Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979. Leo pale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tuliwapa ardhi, halafu tukasahau kuwaambia watoto wetu walikimbia nini.

Tatizo hili si letu peke yetu. Januari 2022 serikali ya India ilitangaza kwamba Desemba 26 iwe siku ya kuwakumbuka Zorawar Singh na Fateh Singh, watoto wa Guru Gobind Singh, mmoja wa miaka kama 9 na mwingine kama 6. Masimulizi ya Masingasinga yanasema walijengewa ukuta wakiwa hai huko Sirhind, mwanzoni mwa karne ya 18, kwa kukataa kubadili dini. Siku ikaitwa Veer Bal Diwas, maana yake Siku ya Watoto Mashujaa. Kamati kuu ya mahekalu ya Masingasinga ikapinga jina hilo. Wao walitaka liwemo neno la kifo cha kishahidi na heshima wanayowapa watoto hao. Huenda ukaona ni ugomvi wa maneno tu. Mimi naona ni wafiwa wanaokataa msiba wao ugeuzwe gwaride.

Nirudi nyumbani. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye ualbino, aliporwa kwao mkoani Geita na kuuawa. Mwezi uliofuata, hapa hapa Rukwa, mtoto wa miaka 6 mwenye ualbino alikatwa kiganja. Mwaka huo huo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa Kuhusu Ualbino, ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeipitisha Desemba 2014. Siku tatu kabla ya maandamano yetu ya mabango.

Majina ya watoto hao siyataji. Wana familia zao, na msiba una mwenyewe. Wenye msiba ndio waulizwe kwanza: tuwakumbuke kwa jina gani, tuseme nini, tunyamazie nini. Hilo India walilisahau.

Lakini la Juni 16 halihitaji kamati. Kabla mgeni rasmi hajapewa kipaza sauti, mtoto mmoja asimame aseme: Hector Pieterson, miaka 12. Hastings Ndlovu, miaka 15. Waliuawa kwa sababu walidai kusoma kwa haki. Kisha tuulize ni watoto gani wa Rukwa walioumizwa na sisi wenyewe.

Dakika mbili tu. Baridi ya uwanjani watoto wataivumilia, ilimradi wajue kwa nini wamesimama.

Nawasilisha.