DAMU YA MAMA, DAMU YA MTOTO (Sehemu ya 3): Ile alama ya kujumlisha au kutoa

Baada ya kuongea kuhusu A, B, AB na O, wengi mmeniandikia: "Nesi, na ile alama ya kujumlisha au kutoa mbele ya herufi ni ya nini?" Leo ndiyo hiyo. Chukua kabisa kadi yako ya kliniki, uwe nayo mkononi.

Twende New York, mwishoni mwa miaka ya 1930. Mama mmoja alijifungua mtoto aliyekwisha kufia tumboni, kisha akatokwa damu nyingi. Yeye kundi O, mume wake O. Madaktari wakaona hakuna shida, wakamwekea damu ya mume. Muda si mrefu akaanza kutetemeka, miguu na kichwa vinamuuma. Haikueleweka kabisa! Makundi ya A, B na O Karl Landsteiner alishayagundua tangu 1901, na ya hawa wawili yalilingana.

Philip Levine na Rufus Stetson wakachukua maji ya damu ya yule mama, wakayachanganya na damu za wachangiaji mmoja mmoja, wale wanaolingana naye kwa kundi. Karibu 80 katika kila 100 zikashikamana mabonge. Kumbe tofauti haikuwa kwa mume. Watu wengi walikuwa na kitu kwenye chembe zao nyekundu ambacho huyu mama hakuwa nacho. Mtoto alikirithi kwa baba, mwili wa mama ukakiona kama mgeni, ukatengeneza kingamwili za kukipiga vita. Waliandika habari hiyo mwaka 1939, na kile kitu hawakukipa hata jina.

Jina lilikuja mwaka uliofuata. Landsteiner na Alexander Wiener walikuwa wanafanya majaribio kwa damu ya tumbili aina ya Rhesus, wakaona jambo linalofanana: katika Wazungu wa New York, 85 kati ya 100 walikuwa na antijeni hiyo. Wakaiita Rh. (Baadaye iligundulika kwamba ile ya tumbili siyo hii hii hasa, lakini jina lilishazoeleka.) Antijeni yenyewe leo tunaiita D. Ukiwa nayo wewe ni chanya, usipokuwa nayo ni hasi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo panaponiuma. Ulaya watu hasi ni kama 15 kwa 100, na kwa Wabaski, kule mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ni zaidi ya robo. China na Japani hawafiki hata mmoja kwa 100. Sisi Afrika Mashariki ni kama 4 au 5. Mtu akisikia 4 anasema, basi hilo ni tatizo la Wazungu. Hapana jamani! Ukiwa hasi mahali ambapo karibu kila mtu ni chanya, mume wako karibu hakika ni chanya. Tena wanaume wetu wengi wameirithi D kwa baba na kwa mama, kwa hiyo kila mtoto atakayekuzalisha atakuwa chanya. Ni wachache kweli, lakini kila mmoja wao yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake wa Ulaya. Na ukihitaji kuongezewa damu, wa kukuchangia nao ni wachache.

Mtoto wa kwanza kwa kawaida hutoka salama, kwa sababu damu zao huchanganyika zaidi wakati wa kujifungua. Wa pili anakuwa wa manjano siku ile ile ya kuzaliwa. Wa tatu anafia tumboni. Si kila msiba wa namna hiyo ulitokana na Rh, lakini fikirieni bibi aliyepitia hayo kabla damu haijapimwa. Alisemwa nini na mawifi? Ana mkosi, amerogwa, anakula watoto.

Dawa ilipatikana miaka ya 1960, New York na Liverpool, kwa wazo la ajabu kidogo: mpe mama kingamwili zilizokwisha tengenezwa, zisafishe chembe za mtoto kabla mwili wake haujajifunza kuzitengeneza. Kule New York walianza kuijaribu kwa wafungwa waliojitolea wa gereza la Sing Sing, wanaume watupu! Mwaka 1968 sindano ya anti-D ikaidhinishwa Marekani.

Na mpaka leo inatokana na damu ya watu wanaochangia. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alichangia mara 1,173 hadi alipofikisha miaka 81 mwaka 2018. Amefariki Februari 2025.

Haya, tazama kadi. Kama ni hasi na mume ni chanya au hajapimwa, muulize nesi wako mapema kuhusu anti-D, maana si kila kituo kinayo na huenda mkahitaji kuitafuta. Hutolewa wiki ya 28 pale inapopatikana, na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Mimba ikiharibika, ukitoka damu au ukiumia tumbo, nenda hospitali uulize pia, usisubiri ijayo. Lakini kama mwili ulishatengeneza kingamwili, sindano haizifuti, unahitaji kufuatiliwa na daktari mimba nzima.

Sehemu ya 4: manjano ya mtoto mchanga, na kwa nini kumwanika juani hakutoshi.